Wanaamini Nilizini, Hawaamini Nilimshinda

Bi Taqwa, amahoro. Ukurasa wako wa gazeti unatufikia huku Minago, upande wa Rumonge, umechelewa wiki mbili, mara nyingine umefungiwa sabuni, lakini tunausoma, na kwa kuwa sina dada wala mama wa kumwambia haya nimeona nikuandikie wewe, na ukitaka kunigomba nigombe, ila usinicheke, maana kuchekwa nimeshachekwa vya kutosha.

Naitwa Kabibi, nina miaka ishirini na saba, wazazi wangu walitoka Fizi ng'ambo ya ziwa na mimi nimezaliwa hapa hapa Rumonge. Niliacha shule mwaka wa tisini na sita, mwaka ambao baba alipanda gari kwenda Bujumbura na gari likachomwa njiani, na wakati huo nilikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, sikwambii hili kwa kujisifu bali kwa sababu ndilo lililonitia taabuni. Mume wangu ni Jephté, shemasi wa kanisa letu, anasafirisha ndagala, dagaa wa ziwani, kwa baiskeli, na tuna binti mmoja, Chanceline, ndiyo kwanza anaanza kutembea.

Mwaka juzi nilipata kazi ya kupika kwenye depo moja ya chakula cha msaada, na pale kulikuwa na kijana wa Kijerumani, Henning, miaka ishirini na miwili, kwao waliokataa jeshi walikuwa wanapelekwa kufanya kazi kama hizo badala yake. Siku ambazo barabara ya Magara imefungwa kwa sababu ya kuviziwa, malori hayakuja, kazi hakuna, na milio ya bunduki ikisikika milimani mlinzi alifunga lango na sisi wapishi tulilala jikoni, mimi na Sharifa, mama mmoja wa hapa Rumonge. Sasa siku moja mchana huyo kijana akatoa karata, akatufundisha mchezo wanaouita poka, karata mbili mkononi, tano mezani zinafunuliwa kidogo kidogo, na badala ya pesa tulicheza na kokwa za michikichi, kila mtu anapewa kokwa sawa na mwenzake, zikikuishia unatoka, anayebaki wa mwisho ndiye mshindi, na alituambia kwamba hayo ndiyo mashindano yenyewe kama yanavyochezwa ulimwenguni.

Sharifa alichoka wiki ya kwanza, akawa anakaa pembeni anachambua maharagwe. Mimi sikuchoka, Bi Taqwa. Nilikuwa sijafurahi hivyo tangu shule. Nilihesabu karata zilizobaki kichwani, nikamsoma na yeye, maana akiwa na karata mbovu alikuwa anaongea Kifaransa kizuri kuliko siku zote, na kwa miezi minane nilimshinda karibu kila siku, mpaka akawa ananiuliza baada ya kila mkono, yaani kila mgao wa karata, hapa ulijuaje, na pale kwa nini uliziacha, anaandika kwenye daftari majibu ya mpishi. Hakunigusa hata kidole. Mimba yangu ilipokua niliacha kazi, naye akarudi kwao.

Mwezi uliopita mzungu mwingine alipita akaniletea barua yake, pakiti ya karata mpya na ukurasa uliokatwa kwenye gazeti la kwao. Henning yuko pale pichani, amevaa kofia ya koti na miwani myeusi nyuma ya lundo la vile vidude vyao vya rangi wanavyochezea badala ya kokwa, ameshinda mashindano makubwa, na mdomo ameufunga namna nilivyomfundisha mimi, hiyo sura ni yangu, Bi Taqwa, aliichukua jikoni kwangu. Anasema sasa wachezaji wako wengi Ujerumani, vijana wameacha vyuo vikuu, wanapanga nyumba wanne wanne, kila mmoja na kompyuta yake, wanacheza meza sita kwa wakati mmoja na watu wasiowaona, halafu wanaandikiana makosa yao na kuyasahihisha kama kazi ya shule, na mabingwa wazee wa Marekani sasa wanaingiwa na hofu wakiona Mjerumani asiye na ndevu anavuta kiti. Na mwisho akaandika kwamba siku alizokaa mbele yangu ndizo alizojifunza zaidi maishani, na kwamba mimi ni bora kuliko wote aliokutana nao tangu hapo.

Nilificha vyote kwenye gunia la unga wa muhogo. Jephté akavikuta, akaniuliza ni nini, nikamdanganya kwamba ni cheti cha kazi. Yeye Kifaransa hakijui sana, akampelekea barua Mzee Casimir, msimamizi wa kanisa, na ikasomwa mbele ya wazee watatu. Jioni hiyo Jephté alirudi akakaa mlangoni.

"Weye unataka niamini muzungu alikaa miezi munane na mupishi wake, wanahesabu kokwa?"

"Njo vile ilikuwa," nikamwambia.

"Na weye ulikuwa unamushinda. Huyu wa ku gazeti."

"Nilikuwa namushinda."

Akacheka, Bi Taqwa, na mimi naapa afadhali angenipiga. Akasema, "Uongo nao ukuwe na adabu, mama Chanceline." Karata akazitupa chooni.

Nimeitwa mbele ya wazee Jumapili ya kwanza baada ya miezi miwili. Mzee Casimir alinifuata sokoni akaongea nami kwa upole, na upole huo ndio umenimaliza. Alisema, "Mama, uzinzi tunaujua. Ukitubu, miezi mitatu benchi ya nyuma, kisha tunakupokea, na bwana yako yuko tayari kukusamehe. Lakini hii ya karata, hata hatujui tukuombee namna gani. Na nani atakubali?" Na Jephté kweli yuko tayari kunisamehe, ameniambia mwenyewe, niseme tu ndiyo yaishe. Nimechoka. Naona nikisema ndiyo nitabaki na mume, na nyumba, na mtoto. Je, nikiri dhambi nisiyoifanya? Na nikuambie na la mwisho ambalo hata kwenye maombi sijalisema: kinachonikosesha usingizi si Jephté, ni ule ukurasa wa gazeti. Tulianza na kokwa sawa. Kwa nini yeye yuko pale na mimi niko hapa?

Kabibi, Minago

*

Kabibi, sikucheka. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimesimama.

Tuanze na makosa yako, maana unayo. Barua ya mwanaume kwa mke wa mtu haifichwi kwenye gunia la unga. Ungeisoma wewe kwa mumeo siku ile ile, kwa sauti, neno kwa neno, leo tusingekuwa hapa. Ukaificha, kisha ukadanganya, na uongo wa cheti cha kazi ndio uliompa Jephté haki ya kutokuamini ukweli uliofuata. Hilo umejitakia. Kosa la pili ni kubwa zaidi. Mume wako hajui kwamba mkewe anajua hesabu. Umeishi naye ndani ya chumba kimoja, umemficha akili yako kama watu wanavyoficha kidonda, na siku ulipomwonyesha akadhani ni mzaha. Wanawake wengi tunafanya hivyo ili nyumba itulie. Mimi niliendesha duka la marehemu mume wangu miaka kumi akiwa hai, huku wateja wakidhani anaendesha yeye, kwa hiyo najua ninachokigomba.

Sasa swali lako. Hapana. Usikiri.

Umeambiwa miezi mitatu. Nani amekudanganya? Wewe utakaa miezi mitatu, Chanceline atakaa maisha yake yote. Alitungwa wakati ukiwa depo. Awe mweusi kama chungu, awe na pua ya Jephté na miguu ya Jephté, siku atakayoonyesha akili shuleni watasema bila haya, ni ya yule Mjerumani. Kila jambo jema la mtoto huyu utakuwa umelikabidhi kwa mtu mwingine kwa mdomo wako mwenyewe. Na Jephté anayekusamehe leo atakukumbusha msamaha wake kila chakula kikichelewa. Msamaha wa kosa usilofanya hauna mwisho, kwa sababu huwezi kuulipia.

Angalia vizuri watu wanachotaka ukubali. Kwamba mpishi alilala na mzungu, wanaamini bila shahidi hata mmoja. Kwamba mpishi alimzidi mzungu akili, hawaamini hata mzungu mwenyewe akiandika na kutia sahihi. Barua ile inasema kwa maneno yake kwamba wewe ni bora, na wazee watatu wameisoma wakaona kitanda. Hilo limeniuma zaidi ya yote uliyoandika, na sina dawa yake.

Kuhusu ukurasa wa gazeti. Kijana hakukuibia. Hakujua tu kwamba barua ikifika Minago inasomwa na kanisa zima. Lakini usijidanganye kwamba mlianza sawa. Mlianza sawa juu ya meza tu. Wale vijana wakipoteza kila kitu leo, wanarudi nyumbani kwa mama zao, wanakuta supu, na chuo kinawapokea tena mwakani. Ndiyo maana wanaweza kukaa kimya wakisubiri karata nzuri. Ujasiri wao umejengwa na sakafu iliyo chini ya viti vyao. Wewe barabara ya kwenda shule ilifungwa, na baba yako yuko kwenye barabara hiyo. Hakuna hesabu ya kichwani inayofidia hilo. Lia, una haki ya kulia, lakini jua unachokililia, kisha ufute uso.

Sasa fanya hivi. Nenda kamtafute Sharifa wiki hii, usingoje. Alikuwa jikoni, aliona, alilala kando yako. Jina lake linaniambia ni Mwislamu, na hilo si kitu. Nami ni Mwislamu, na ukweli hauulizwi unasali wapi. Mwende pamoja mbele ya wazee. Kubali karata, kubali uongo wa cheti, na wakikupa benchi ya nyuma kwa hayo mawili, kaa ukiwa umenyoosha mgongo, kwa kuwa hayo ni yako. Wakitaja uzinzi, sema hapana mara moja tu, usiape, usilie, usieleze. Uso ule uliokuwa unamwonyesha Mjerumani, waonyeshe na wao.

Lakini kabla ya siku hiyo kuna Jephté. Yeye si mtu mbaya, ni mtu aliyeona aibu mbele ya wenzake. Nunua pakiti ya karata, duka lolote la Rumonge wanazo. Dini yangu nayo inakataza kamari, ila kokwa ambazo hazinunui hata chumvi, wajuzi wabishane wenyewe. Mkalishe mkekani mchana, mlango wazi, Sharifa awepo. Mgawie kokwa sawa na zako. Mfundishe taratibu, bila kumdharau, mpaka aujue mchezo vizuri na asiwe na la kusingizia. Kisha mshinde. Mshinde tena. Atakasirika, halafu ataanza kukutazama kama mtu anayekuona kwa mara ya kwanza, na hapo moyo wako utataka kumwachia mkono mmoja ili nyumba itulie.

Usimwachie.

Bi Taqwa