Hukuwa Mwingereza, Mama Morag

Mama Morag,

Amani ya Bwana ikufikie. Ni mimi Furaha, niliyekuogesha na kukusomea Biblia miaka minne pale nyumbani kwako, Berea. Nakuandikia kwa Kiswahili, chako ulichojifunza Kenya na changu cha Kongo, maana ndicho tulichosikilizana kwacho.

Tulikuzika Jumanne. Mpwa wako alisimama mbele ya kanisa akasema tunamuaga bibi wa Kiingereza. Mchungaji naye akarudia. Mimi nilikuwa nyuma, pamoja na akina mama wa kugawa chai. Nikanyamaza.

Wewe uliyekataa sindano mpaka daktari afute "Mwingereza" kwenye karatasi yake! "Mimi hapana Mwingereza," ulimwambia. "Mimi mtu ya Lewis. Ile kisiwa ya Uskoti, iko na lugha yake." Akacheka. "Cheka, lakini andika."

Siku hiyo nikakwambia na kwetu Idjwi ni kisiwa, katikati ya ziwa Kivu, mpakani, na Wakongo wenzangu kanisani huniuliza kama niliingia Kongo kwa kuogelea. Ulicheka mpaka meno ya bandia yakaanguka kwenye uji. Halafu ukanishika mkono, ukaniomba jambo moja tu: siku ya kukuzika, mtu aseme ulikotoka. Nikakuahidi mbele za Mungu.

Lakini asubuhi ya mazishi mpwa wako alikuwa ameniambia naweza kubaki kwenye kile chumba changu pale kwako mpaka mwisho wa mwezi. Nikaogopa kumuudhi. Nimeuza neno lako kwa chumba, Mama. Na kesho yake tu akabadilisha kufuli. Godoro langu nililikuta nje kwenye ngazi.

Sasa nalala Hillbrow, nyuma ya pazia, kwa wasusi wa Lubumbashi. Wananiita Mnyarwanda. Nikisema natoka Idjwi, wanajibu, "Eish, si ni kulekule tu." Nikipiga magoti kusali, naishia kwenye "Baba yetu". Mengine hayatoki.

Jiwe la kaburi bado halijawekwa. Jumatatu nakwenda ofisini kwa mpwa wako, Marshalltown, nimwambie wachonge Lewis. Mlinzi akinizuia, nitamsubiri barabarani mpaka atoke. Atakasirika. Akasirike. Chumba ameshakichukua, hana kingine cha kunitishia.

Pumzika, Mama yangu. Nimechelewa, lakini nitasema.

Furaha