Vigelegele vya wa Mwisho

Mjukuu wangu Neema,

Hamjambo huko Texas? Sisi hapa Sterling tu wazima, na goti la babu yako limepata nafuu.

Umeniuliza kwa nini mama yako alikuaibisha kwa vigelegele pale bwawani kwenye mashindano ya kuogelea, ilhali wewe ndiye uliyekuwa wa mwisho. Nimecheka hadi machozi.

Alipokuwa na miaka kumi na tatu, alishindana akiwa na timu yake ya skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Walishuka kilima cha theluji mmoja mmoja, wakipinda kati ya vijiti. Yeye akakosa kijiti kimoja, akaanguka. Alipoinuka, badala ya kushuka, akaanza kupanda! Nikajua amejigonga kichwa. Kumbe ukikosa kijiti sharti urudi ukipite, ndivyo kocha alivyonieleza.

Alipofika chini mzima, nilipiga vigelegele kama niko harusini. Watu wakadhani ameshinda, wakampigia makofi.

"Mama, stop! I was last!" mama yako akanikemea, kwamba niache, yeye ndiye wa mwisho.

Tulipofika nyumbani akaniapisha nisipige tena vigelegele.

Kiapo hicho nimekishika hadi leo. Kumbe mwenzangu, mama yako, alikuwa anajifunza kuvipiga.

Nakubusu,
Bibi