Kwa Baba Mdogo, Kuhusu Ile Ndege Nyeusi

Baba mdogo, shikamoo.

Najua hutaitikia, lakini sijui namna nyingine ya kuanza kuongea na wewe. Naandika kwa sababu kusema siwezi, unanijua. Naogopa. Tangu tukuzike naogopa hata vitu ambavyo zamani tulivicheka pamoja.

Siku ya kuanua matanga ndugu waligawana vitu vyako. Redio ilipata mtu, baiskeli ikapata mtu. Ile ndege uliyoiunda kwa boksi jepesi la samaki, tukairusha kwa rimoti, hakuna aliyeigusa. Ilikuwa imelala kwenye kona, pua imesagika, bawa moja limekatika. Shangazi Kabula, aliyekuja kutoka Bujora, akaionyesha kwa kidevu. "Kilianguka hicho, wiki haikuisha, mwenyewe naye akaanguka. Kichomwe." Watu wakaitikia kwa vichwa. Hata mama.

Nikasema naomba kwanza nijue kwa nini ilianguka. Sauti ilikuwa ndogo mno, ikabidi nirudie. Shangazi akacheka bila furaha: "Haya, msomi. Ukikosa sababu, moto."

Moto haukunitisha sana. Kilichonitisha ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini. Nikipita karibu na ile kona nilikuwa nageuza uso.

Nilianza kama ulivyonifundisha. "Toa panga la mbele linalozunguka kwanza, Minza. Vidole haviuzwi sokoni Mkuyuni." Nikafunga betri, nikawasha rimoti, mikono inatetemeka. Mabawa yakaitikia. Mota ikazunguka. Nikavuta kijiti cha rimoti cha kuinua pua. Kile kimota kidogo cha mkia nikakisikia kinanguruma, lakini mkia haukusogea.

Nikafungua tumbo. Kimota kilikuwa kimebanduka, kinacheza mle ndani kama jino bovu. Badala ya kuvuta waya wa mkia, kilikuwa kinajivuta chenyewe. Lakini kilibanduka hewani, au ni kile kishindo cha kuanguka? Hapo nilikaa sana. Kama ni kishindo, gundi ingeng'oka na vipande vya boksi. Haikung'oka na kitu. Ilikuwa imelainika na kuvutika nyuzi nyuzi, kama bablishi.

Ndipo nikakumbuka tulivyokuwa tunakula mihogo pale uwanjani, ndege tumeilaza juu ya jiwe, kwenye jua. Kila mtu Mwanza huweka kitu juu ya jiwe. Na uliipaka nyeusi ili tuione vizuri kwenye mawingu, na nyeusi hushika joto. Nikachukua kipande cha boksi, nikabandika kimota kingine kibovu kwa gundi ile ile ya kuyeyusha kwa moto, nikapaka nyeusi, nikakiacha juu ya lile jiwe mchana. Niliporudi nikakivuta kwa kidole kimoja. Kikaja taratibu, bila sauti.

Nililia palepale. Lilikuwa jua tu, Baba mdogo. Jua.

Bawa nimelitengeneza upya kwa boksi jeupe la samaki, kama ulivyofanya wewe, na mama amelalamika vilevile kwamba nyumba nzima inanuka sangara. Kimota nimekikaza kwa skrubu kwenye kibao. Rangi sijapaka.

Nilipofika uwanjani ndipo nilipogundua jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Ndege ile inataka mtu wa kuitupa na mtu wa kuiongoza. Siku zote ulitupa wewe. Nikasimama na rimoti kama mjinga. Shangazi alikuwa amenifuata, khanga ameikaza kiunoni. "Sasa unasubiri nini?" Nikamwambia. Akaitazama, kisha akaishika kwa ncha za vidole, kama sufuria ya moto. "Nikiitupa ikanigeukia?" Nikasema haitageuka. Sikuwa na hakika.

Akafumba macho, akaita jina lako kwa nguvu, akatupa. Ikazama kuelekea majani. Nikavuta kijiti, na mkia ukatii. Ikapanda, ikapita juu ya mawe, ikaelekea ziwani.

Shangazi alikaa chini kwenye majani. "Kumbe ni gundi." Akainua macho kuifuata ndege. "Na mdogo wangu je? Yeye kilibanduka nini?"

Sikumtazama, maana ndege ilikuwa juu. Hospitali walisema moyo. Moyo umefanyaje, umeanza lini, kwa nini hatukuona chochote nawe ulikuwa unacheka na kutafuna mihogo, hakuna aliyetuambia. Nikasema, "Sijui, shangazi." Nikaishusha vibaya, kwa tumbo, lakini nzima.

Hakuna tena anayesema ichomwe. Ila hofu haijaondoka, imehama tu. Mama akilala mchana nasimama mlangoni nisikilize anavyopumua. Shangazi akichelewa kutoka bafuni namwita, na yeye hujibu haraka, bila kuuliza nataka nini. Nadhani na yeye hutusikiliza.

Pumzika, Baba mdogo. Jumapili tunarudi uwanjani. Shangazi amesema safari hii atatupa macho wazi. Siwezi kukuahidi kwamba sitaogopa. Nakuahidi tu kwamba mikono ikitetemeka nitaiacha itetemeke, na rimoti sitaiachia.

Mwanao,
Minza