Joto la Februari na Koti la Msiba

Jumapili, 18 Februari
Joto! Kwetu huu ni mwezi wa theluji, lakini Februari hii imerukwa na akili. Nimekaa kanisani na koti jeusi la sufu, sweta nyeusi, soksi nyeusi, kitambaa cheusi kichwani. Jasho mpaka viatuni. Mjane huvaa nyeusi mwaka mzima, na wangu unaisha tarehe tisa Machi. Gherasim yuko kaburini na bado ananichemsha. Mungu amrehemu — mimi nilijaribu, nikashindwa.

Jumatano, 21 Februari
Yale maua meupe madogo yanayotoboa theluji yamejaa uani. Theluji ya kutoboa hakuna. Yamesimama tu kama wageni waliofika kabla chakula hakijaiva.
Nimevua soksi. Wifi Veta, dada wa marehemu, anaishi ng'ambo ya njia, ila macho yake yanaishi kwangu. Ameshaona. Akanikumbusha Dochia, yule bibi wa hadithi aliyedanganywa na jua, akavua makoti tisa, moja moja, baridi ikarudi ikamgandisha. Nikamwambia mimi ninalo moja tu, nitaganda upesi.

Jumatatu, 26 Februari
Aprikoti yangu imechanua! Mara ya kwanza! Ile ya zamani Gherasim aliikata, eti ilimziba asione nani anapita njiani. Hii niliificha nyuma ya banda la kuku miaka minne, nikimwambia ni kichaka.
Jirani Costache alikuja kuitazama. Mgane kwa miaka sita sasa, masikio makubwa, mikono mizuri. Kasema baridi itarudi, huu ni ujanja tu. Nikasema ayaambie maua. Kisha akauliza nimechagua siku gani. Wanawake wote hapa huchagua moja kati ya siku tisa za mwanzo wa Machi; hali ya hewa ya siku hiyo ndiyo hali ya moyo wako. Tarehe sita, nikasema. Kasema ataiangalia kwa makini.
Moyo ulinidunda. Miaka hamsini na tisa! Aibu. Lakini si sana.

Ijumaa, 1 Machi
Leo, kwa desturi yetu ya kukaribisha Machi, wanawake wanapewa uzi mwekundu na mweupe wa kufunga mkononi. Costache kaniletea wangu. Nikamwambia niko msibani.
"Basi ufiche. Si uliuficha mti mzima?"
Nimeufunga chini ya mkono wa koti. Unawasha. Kila ukiwasha nafurahi.

Jumapili, 3 Machi
Veta kanibana nje ya kanisa. Mwaka mmoja, kasema, ni wa wanawake wa mjini. Mama yao alivaa nyeusi miaka thelathini na moja, mpaka akazikwa nayo. Nikivua baada ya ibada ya kumkumbuka marehemu, tarehe tisa, atanitangaza mbele ya padri na kijiji kizima. Na atafanya! Sauti anayo.
Jioni Costache kaniuliza kama Jumamosi, baada ya ibada, nitakaa naye kwenye benchi la mbele ya nyumba yangu. Mchana kweupe. Mbele ya dirisha la Veta! Nimesema nitafikiri. Nataka. Naogopa.

Jumatano, 6 Machi
Siku yangu. Theluji!
Saa nane upepo uligeuka. Nilikimbia na mashuka kuifunika aprikoti maua yasigande, Costache na mapazia yake na ngazi. Havikutosha. Basi nikavua koti, nikauvika mti. Kisha kitambaa cha kichwa. Kisha sweta. Mti sasa ni mjane kamili, na mimi nina blauzi ya mikono mifupi. Uzi mwekundu unaonekana mpaka mjini.
Na Veta huyo, getini. Akautazama mti. Akautazama mkono wangu. Akamtazama Costache juu ya ngazi. Akavuta pumzi, ile ya kutangaza.
Nikasema mimi. Ndiyo, wifi, nimeuvaa tangu tarehe mosi. Na Jumamosi nakaa benchini.
Kisha nikakimbilia ndani kutafuta kitambaa cha meza, maana tawi moja la juu bado liko wazi. Naandika nimesimama, vidole havishiki penseli. Namwona Veta kupitia dirisha. Ameingia uani. Anafungua vifungo vya koti lake jeusi, kimoja kimoja, kwenye theluji. Ama anajiandaa kunipiga, ama —
Costache ameshuka. Anamshikia Veta ngazi, apande na koti.