Mtandio Mwekundu wa Mguuni

MAELEZO YA SHAHIDI
Shahidi: Fundi viatu, mtaani anafahamika kwa jina la Gundi
Umri: Miaka hamsini na mitatu
Makazi: Nyumba ya kona, nyuma ya kituo cha kukusanyia maziwa
Kuhusu: Maziwa yenye dawa yaliyofikishwa kituoni hapo Jumatano asubuhi

Mimi ni fundi viatu. Nyumbani kuna ng'ombe mmoja, ila nikisema ni wangu nitakuwa nimewadanganya polisi. Ng'ombe ni wa mke wangu. Mke wangu yuko nchi ya mbali kikazi, mwaka wa tatu huu. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, ukazaa mwingine, nao ukazaa. Mimi ni mlinzi tu wa mali yake, na kila nikijaribu kumkamua ng'ombe napigwa teke. Ndiyo maana huja Kasi, jirani yetu, baba wa watoto wanne, anayekamua ng'ombe wa mtaa mzima na kupeleka maziwa kituoni. Ndiye huyo mnayemshikilia.

Mnamo Jumatatu jioni daktari wa mifugo alikuja kwangu kwa sababu kiwele cha ng'ombe kilikuwa kimevimba. Alimchoma sindano ya antibiotiki. Mimi nilishika mkia. Ndiyo kazi niliyoaminiwa. Nikamwomba aniachie chupa nimalizie mwenyewe, nimpunguzie safari.

“Gundi, nikija kwako nikachukua misumari nijigongee soli mwenyewe, utanionaje?”

“Kama mtu anayetaka kuchechemea.”

“Basi. Dawa hii haitoki bila cheti changu, na haichomwi kwa kukisia. Tukiichezea, iko siku itagoma, kwa ng'ombe na kwa watu.”

Akaagiza maziwa yamwagwe mpaka amalize sindano zake na siku za kungoja dawa iishe mwilini zipite.

Mtaani kwetu ng'ombe aliyechomwa sindano hufungwa kitambaa chekundu mguu wa nyuma. Kasi hukamua sisi tukiwa bado kitandani, na hagongi mlango wa mtu. Anamulika mguu kwa tochi. Akikiona chekundu, anamwaga. Asipokiona, anapeleka. Daktari ndiye anayefunga na daktari ndiye anayefungua.

Siku hiyo daktari alikuwa ameishiwa vitambaa. Akaangaza macho bandani, akaona mtandio mwekundu umetundikwa msumarini, akauchukua. Ulikuwa wa mke wangu. Alijifunga kichwani kila alipokamua, na asubuhi ya safari aliutundika pale akasema, “Usiutoe, nitaukuta.” Sikuutoa. Nilitaka kumwambia daktari atafute kingine. Lakini mtu mzima, ndevu zimeshaanza kuwa nyeupe, utaanzaje kugombea mtandio? Nikashika mkia, akaufunga.

Jumanne Kasi alimwaga maziwa. Niliona mwenyewe shimo la nyuma ya banda limekuwa jeupe. Mchana wa siku hiyo mama mkwe alifika kunitembelea, nami nikiwa kazini. Jioni tulipokuwa tunakula akasema, “Nyumba hii humsahau mtu upesi, baba.” Nilidhani ananilaumu kwa chumvi, maana kweli nilikuwa nimeisahau. Nikaenda kuileta.

Jumatano Kasi akamulika mguu, hakuona kitu. Akajua daktari ameshapita. Akachanganya maziwa yetu na ya nyumba nyingine. Kituoni yakapimwa, yakakutwa na dawa, tangi zima likamwagwa, naye akakamatwa kwa madai kwamba alifungua kitambaa ili asiende na debe nusu. Nilipita pale nikielekea kazini.

“Gundi, waambie! Mguu ulikuwa mtupu!”

Nilitaka kwanza kuutazama mguu mwenyewe. Nikarudi nyumbani mbio, kama mwendo wangu unastahili neno hilo.

Mama mkwe alikuwa ameketi chumbani, mtandio uko mapajani, umefuliwa na kupigwa pasi. Afande, mkwe hahojiwi. Nilisimama mlangoni nikamwambia tu kwamba Kasi amekamatwa, na sababu yake. Akaulainisha mtandio kwa kiganja.

“Mimi nimeona nguo ya mwanangu inaburuzwa kwenye mavi,” akasema. “Nikajua mmeshamkatia tamaa.”

“Atarudi, mama.”

“Amekwambia lini?”

Nikasema ng'ombe hajanyweshwa maji.

Yeye ndiye aliyenituma. “Nenda kaseme ni mimi niliyeufungua. Mume wa watu asilale ndani kwa ajili ya mtandio wetu.” Alitaka kuja mwenyewe, magoti yakakataa. Akaniwekea mtandio mkononi. Nilipofika njiani niliunusa. Ulinukia sabuni tu, si mke wangu.

Afande ameniuliza hilo linahusiana vipi na maziwa. Halihusiani. Ila miaka yote hiyo sikuufua, kwa makusudi. Hata ulipokuwa mguuni pa ng'ombe nilijipa moyo: tope likikauka unalipiga brashi, kama kiatu. Sabuni haina brashi yake. Hili sikumwambia mama, na ninaomba nanyi msimwambie. Aliufua kwa mapenzi yaleyale yaliyonizuia mimi kuufua.

Kasi alifuata mguu ulivyosema, kama tulivyomfundisha sote. Hana kosa.

Nimesomewa maneno haya nikayatambua kuwa ni yangu. Lile la chumvi Afande alitaka kuliacha, nimeomba libaki.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa: Nimeandika haya Jumatano mchana. Daktari wa mifugo amethibitisha kwa simu kwamba hakufungua kitambaa, na kwamba maziwa ya ng'ombe huyo yaendelee kumwagwa. Anapeleka kitambaa kingine leo. Mtuhumiwa ameachiwa. Mtandio umepigwa picha na kurudishwa kwa shahidi. Amesema anautundika msumarini kwenye banda, kwa sababu mkewe alisema ataukuta.