Kahawa Iliyotulia

Ruiru
9 Machi 2025

Wifi Wangeci,

Habari za Kiganjo? Goti la Mama linaendeleaje, na wewe unapata usingizi? Mimi ni mzima. Nakula. Mama yangu huja kila Jumapili na roti, hukaa mpaka aone nimemeza, kisha anarudi kwake.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mzigo huu ulikuwa unakuja huko hata hivyo, na kwa sababu kwenye simu tunaulizana tuko aje, halafu hakuna anayejua la kusema.

Jambo lenyewe ni Becky, yule mwenye mkahawa karibu na stesheni. Tangu tumzike Githinji mwezi uliopita amenivumilia kwa adabu, lakini wateja wake wanaulizia kahawa ya kaka yako. Juzi aliniambia, "Gurjeet, sitaki kahawa nzuri. Nzuri ziko kila mahali. Nataka ileile." Amenipa mpaka mwisho wa Julai. Akiikosa atachukua kwa watu wa Nairobi, na chokoleti yangu itatoka pia, maana yeye huuza kikombe pamoja na kipande. Bila Becky sina mteja wa kunitosha. Nitafunga godauni, na mashine ya mume wangu itaenda kwa mtu wa kukaanga njugu.

Nimempata mkaangaji, anaitwa Muthoka, amekulia kwenye kahawa kule Kangundo. Magunia ya kahawa mbichi ni yaleyale ya Gatanga. Kinachokosekana ni mkono. Unajua Githinji hakuandika chochote, alikuwa anakaanga kwa masikio. Ila aliacha pakiti chache alizozifunga mwenyewe wiki ile ya mwisho. Hizo ndizo kipimo chetu.

Nitakuwa nakutumia pakiti tatu, A, B na C. Mbili ni kahawa moja, moja ni tofauti. Kuna ya Githinji na kuna ya Muthoka. Wewe niambie tu ipi iko peke yake. Ni ule mchezo aliokuwa anakuchezesha ukirudi likizo kutoka chuoni. Siku utakaposhindwa kuijua, tumefika.

Mimi ulimi wangu ni wa kakao. Wako unalipwa huko kiwandani kuonja juisi kutwa nzima.

Nimeweka chokoleti ya maziwa ya Mama. Ile nyeusi ya kakao ya Kyela bado inapumzika kwenye rafu. Ikikaa mpaka Juni itakuwa imekomaa.

Wifi yako,
Gurjeet


Kiganjo, Thika
16 Machi 2025

Wifi Gurjeet,

Salamu zako zimefika, na chokoleti imeisha. Goti la Mama ni lilelile, akisimama analisema kama mtoto mkaidi. Mimi silali sana lakini sijachoka. Nafurahi kusikia unakula.

B iko peke yake, na B ni ya Muthoka. Haikuchukua muda. Ameiacha motoni muda mrefu baada ya mlio wa kwanza, zile punje zinapopasuka kama bisi, na sukari yake imeungua. Ya Githinji ina ndimu mbele, kisha zambarau, na mwishoni kuna ule ukijani wa majani ya nyanya unapoyasugua mkononi. Muthoka aitoe mapema.

Mama alinikuta jikoni nikivuta kahawa kwa kijiko.

"Unakunywa kama mgonjwa," alisema. "Na hiyo kelele, mimi nilikulea hivyo?"

"Ndivyo inavyoonjwa, Mami."

"Kakako naye alikuwa anavuta hivyo. Nikadhani ataacha akioa."

Akaketi.

Nikuambie kitu kimoja, wifi, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Nilipoiweka ya Githinji mdomoni nilijua ni yake mara moja. Nikangoja. Nilidhani mtu akijua hivyo kitu fulani lazima kimpate. Hakuna kilichonipata. Niliandika B, nikaosha vikombe, nikapiga pasi koti langu la maabara.

Wifi yako,
Wangeci


Ruiru
27 Aprili 2025

Wifi,

Mvua zimewafikia vipi huko? Hapa barabara ya kuja godauni imekuwa supu. Nina mafua kidogo, usimwambie Mama, atatuma dawa za kienyeji.

Nilimsomea Muthoka barua yako, ile sehemu ya kahawa. Alisikiliza mikono kiunoni, kisha akauliza, "Ndimu, zambarau, nyanya. Madam, huyo marehemu alikuwa anakaanga kahawa ama alikuwa anaenda soko?" Nilicheka. Nilishtuka kusikia sauti yangu humo ndani.

Ameikaanga upya na anaitoa mapema kama ulivyosema. Nimekuwekea tatu nyingine. Pakiti za Githinji nazitunza kwenye rafu yangu ya chokoleti, gizani, mbali na joto, hakuna anayezigusa isipokuwa mimi.

Hilo uliloniambia kuhusu kungoja, nimelisoma mara nyingi. Mimi pia nangoja. Nimeanza kulala upande wake wa kitanda ili nisiuone ukiwa mtupu, na sasa ni upande wangu ndio mtupu.

Wifi yako,
Gurjeet


Kiganjo, Thika
4 Mei 2025

Wifi Gurjeet,

Pole kwa mafua. Sikumwambia Mama, lakini alijua, sijui vipi, na zile chupa mbili ndani ya mzigo ni zake. Moja ni ya kunywa, moja ni ya kupaka. Usizichanganye.

A iko peke yake, ni ya Muthoka. Sasa tatizo limegeuka. Yake ina makali, ndimu inaruka mdomoni. Ya Githinji imetulia kuliko nilivyoikumbuka. Zambarau ipo lakini imekaa chini, na ule ukijani wa mwisho karibu sikuupata. Nilirudia mara tatu nikidhani ni maji yangu. Siyo maji.

Nimelifikiria sana. Nadhani mwezi wa tatu nilikuwa naonja kumbukumbu yangu na si kahawa. Watu kule kanisani siku ya mazishi walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema alikuwa mcheshi, alikuwa moto. Nyumbani hakuwa hivyo. Angeweza kukaa na gazeti moja asubuhi yote. Labda kahawa yake ilikuwa hivyo pia na sisi hatukusikiliza. Mwambie Muthoka apunguze moto, aende polepole, aushushe ule ukali.

Kazini nilikataa tangi zima la juisi ya mananasi wiki hii. Ilikuwa imeanza kuchacha, kidogo sana, mashine zilikuwa bado hazijaona. Meneja aliniita mbele ya wote, akasema ulimi wangu ni mali ya kampuni. Walipiga makofi. Nilirudi kwenye meza yangu. Nikuambie ukweli, sijui kama mananasi ni matamu. Najua tu yakiwa tofauti na ya jana.

Wifi yako,
Wangeci


Ruiru
8 Juni 2025

Wifi mpendwa,

Natumaini wewe na Mama hamjambo na baridi hii. Dawa ilisaidia, sijui ipi, maana nilizichanganya.

Muthoka amepunguza moto mpaka sasa ananung'unika. "Tunakaanga ama tunaoka mkate?" Nikamwambia mkubwa wako yuko Thika, mimi ni mjumbe tu. Akasema basi mkubwa aje siku moja tumwone, asiwe kama Mungu. Lakini anafuata. Anajaribu, anakunywa, anatikisa kichwa, anajaribu tena. Ni mtu mwenye subira, na ananiachia redio.

Ile chokoleti nyeusi imekomaa. Machi ilikuwa na uchachu unaoshika koo, sasa imekuwa laini, ina ladha kama ya zabibu. Muda umeifanyia kazi ambayo mimi nisingeweza. Nimekuwekea kipande ukile baada ya kuonja, si kabla.

Mwezi ujao ndio wa Becky. Tafadhali onja kwa makini.

Wifi yako,
Gurjeet


Kiganjo, Thika
6 Julai 2025

Wifi Gurjeet,

Hatujambo. Mama ameanza kwenda tena kwa kikundi chake cha akina mama, anarudi na habari za watu nisiowajua. Wewe u mzima?

Samahani nimechelewa. Nilitaka kuwa na hakika.

Sikuweza kuitambua. Nilisema C. Kisha nikamwomba Mama anichanganyie vikombe nikiwa nimegeuza uso, nikasema A, kisha C, kisha B. Alikuwa ameandika kwenye kiganja chake kwa kalamu. Mara zote nilikosea. "Leo umeshindwa," alisema, na nilimwona amefurahi kidogo, kwa sababu mchezo ulikuwa umekuwa mrefu.

Tumefika, wifi. Ni ileile. Imetulia, ni nyepesi, haina pembe. Mpelekee Becky.

Nilidhani nitalia. Nilikula ile chokoleti yako nyeusi. Ilikuwa na zabibu, kama ulivyosema, na kitu kama moshi.

Wifi yako,
Wangeci


Ruiru
27 Julai 2025

Wifi Wangeci,

Nakusalimu wewe na Mama. Natumaini mko salama.

Becky ameirudisha.

Nilimpelekea mwenyewe. Akasaga, akamwaga maji, akanusa. Hakuwa na uso mbaya. Aliuliza, "Gurjeet, hii ni ya lini?"

"Ya Jumanne."

"Jumanne ya wiki hii?"

"Ndiyo."

"Usinichezee. Hii imekaa miezi. Ina ladha ya boksi la karatasi." Akanisukumia kikombe. "Onja. Onja wewe mwenyewe."

Nilionja na sikuona kitu, kwa sababu ni ladha ambayo tumeizoea. Nilimwapia kwa kaburi la mume wangu kwamba ilikaangwa Jumanne. Hapo ndipo aliponitazama kwa huruma.

Nilielewa nikiwa natembea kurudi. Wifi, mimi ni mtu wa chokoleti. Chokoleti nikiifunga vizuri nikaiweka gizani, inakaa, na mara nyingi inakuwa bora. Nilizitunza pakiti za Githinji kwa namna hiyo. Nilikuwa naangalia giza na joto. Kahawa iliyokaangwa haipumziki. Ilikuwa inakufa kwenye rafu, kila mwezi kidogo zaidi, na sisi tulikuwa tunaifanya ya Muthoka ifanane nayo. Ule utulivu haukuwa wake. Ulikuwa uzee wa kahawa. Muthoka alipooka polepole kama mkate alipata ladha ileile ya karatasi, akiwa na kahawa ya siku mbili.

Nilipomweleza, alikaa kwenye gunia. "Kwa hivyo nimekuwa nikijifunza kuharibu," alisema. Kisha akaenda kuwasha mashine.

Wewe unajua kahawa. Sio kwamba nakulaumu. Nauliza tu kama ulijua.

Becky ametuongezea mwezi mmoja. Hataki tena ileile. Amesema nilete iliyo hai au nisilete. Muthoka amekaanga kwa kufuata barua yako ya Machi, wakati pakiti zilikuwa bado zina kitu, na mahali pengine amefuata kichwa chake. Nimekuwekea hiyo, na pakiti ya mwisho ya Githinji. Safari hii hakuna A wala B. Nimeandika majina.

Sitapeleka kitu bila neno lako. Alikuwa kaka yako kabla hajawa mume wangu.

Wifi yako,
Gurjeet


Ruiru
17 Agosti 2025

Wifi,

Habari zenu? Nimepiga simu mara mbili. Mama alisema uko kazini, na siku nyingine alisema umelala.

Sikuharakishi. Becky ameuliza na nimemwambia bado. Muthoka naye ananiuliza kila asubuhi, "Mkubwa wa Thika amesema nini?" Namwambia mkubwa anaonja.

Kama ni lile swali langu limekuumiza, lifute.

Gurjeet


Kiganjo, Thika
24 Agosti 2025

Wifi Gurjeet,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya. Sisi tupo. Mama anakusalimu, anasema mke wa mwana ni mtoto wa nyumba na kwamba umekonda, ameona kwenye picha.

Swali lako halikuniumiza. Sikujua. Hilo ndilo limenikalia. Juisi inapoanza kuharibika najua kabla ya mashine, na kahawa ya kaka yangu iliharibika kinywani mwangu miezi mitano nikaiita utulivu. Uliniuliza ipi iko peke yake, na nilijibu sawasawa mpaka zilipofanana. Ipi ni njema hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza. Tangu Februari sijajiuliza hivyo juu ya kitu chochote, hata chakula.

Zile pakiti mbili zilikaa juu ya friji. Leo baada ya kanisa Mama aliziteremsha, akaziweka mezani mbele yangu.

"Hizi ni za kuombewa ama ni za kunywewa?"

"Moja ni ya Githinji, Mami. Ndiyo ya mwisho."

"Nimesoma. Nachemsha maji?"

Nilisema achemshe.

Hakukuwa na haja ya kutafuta iliyo peke yake. Nilijua kwa harufu, kabla maji hayajaingia. Nikakaa na vikombe viwili nikajiuliza ni kipi ninachokitaka. Swali dogo tu. Nilitaka jibu liwe cha Githinji. Nilikionja kwanza. Nikakiacha kipoe, kwa sababu kuna kahawa hufunguka ikipoa, nikakionja tena. Kilikuwa karatasi. Nilimtafuta humo kwa muda mrefu kuliko nilivyomtafuta mahali pengine popote, na hakuwamo.

Cha Muthoka hakifanani na kahawa ya Githinji ninayoikumbuka. Zambarau yake ni nzito zaidi, ule ukijani haupo kabisa, na mwishoni kuna kitu kama miwa ambacho Githinji hakuwahi kukipata. Angekionea wivu. Nilipotazama chini kikombe kilikuwa kitupu. Sikumbuki kukimaliza.

Ilikuwa tamu, wifi. Nimeliandika hilo neno na nimelikodolea macho.

Mama aliniuliza kwa nini nimeshika meza. Nikamwambia najishikilia tu. Akavuta kiti chake karibu na changu, na goti lake lile, akaketi.

Mpelekee Becky ya Muthoka kesho, ikiwa bado mpya. Kwenye pakiti uandike jina la Muthoka. Lile la Githinji litoe.

Kikombe chake bado kiko hapa, kimejaa, kimeshapoa kabisa. Nikimaliza kutia sahihi nitakwenda kukimwaga.

Wifi yako,
Wangeci