Sindano Tuliyoikimbia Wote Wawili

Mama yangu,

Mwaka huu nimepitia jambo ambalo wewe ungelielewa kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana nakuandikia ingawa najua hutajibu.

Unazikumbuka siku zako za kliniki ya sukari? Ulikuwa ukivaa sweta yako ya kijani, unanishika mkono, tunatoka Kaloleni kwa miguu kama watu wenye nia kabisa ya kufika. Tukikaribia lango la hospitali, kiganja chako kilianza kutoa jasho. Harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ikikufikia, safari iliishia hapo. Ulininunulia mahindi choma, tukageuka, na nyumbani ukamwambia Baba, "Leo foleni ilikuwa mpaka barabarani." Mama, hukujua kudanganya hata kidogo. Baba alikuwa anakutazama tu, kisha anaendelea na chai yake.

Na si kwamba ulikuwa mwoga. Wewe ndiye uliyemkimbiza mwizi wa nguo mpaka Shauri Moyo ukiwa na mwiko mkononi. Lakini sindano ilikuwa inakumaliza. Sukari ilipopanda, daktari akasema vidonge havitoshi tena, ni sindano kila siku. Ukakataa, ukakataa, mpaka tukakuzika. Kwenye matanga nilisikia watu wakisema ulikuwa mkaidi. Iliniuma sana, maana mimi ndiye niliyekishika kile kiganja.

Sasa sukari imenishika na mimi. Nimeambiwa yale yale uliyoambiwa. Nilipoiona sindano kwenye sinia masikio yaliziba, na mara nikajikuta sakafuni, muuguzi akinipepea. Nina watoto ambao bado wako shuleni, Mama. Nilirudi nyumbani Donholm nikijua kabisa njia niliyoishika inaishia wapi.

Muuguzi huyo ndiye aliyenielekeza kwa mshauri wa hapo hospitalini, mama mmoja mpole anayefanya tiba inayoitwa hipnotherapia, ya kumtuliza mtu kwa maneno mpaka hofu ilegee. Nilipowaeleza watu wa nyumbani, Anti Mbithe, mdogo wako, alifika kwangu siku hiyo hiyo.

"Hawa wanaingia kwa akili yako wanatoa kila kitu! Utasema mpaka siri za kwaya yetu ya kanisani!"

"Anti, mimi naenda."

"Basi twende wote. Wakikushika akili, yangu itakuwa macho."

Akabeba chupa ya maji yaliyoombewa, anirushie nikianza kubadilika.

Mshauri alipoiona chupa hiyo hakukasirika. Aliniuliza kama nataka Anti akae nasi, nikasema ndiyo. Akatueleza kwamba huo si usingizi wala uchawi. "Utanisikia wakati wote. Ukitaka kufungua macho, unafungua. Na siwezi kukufanya useme usichotaka kusema." Alisema ni kama unapofuma sweta ukazama kabisa, mtu anakuita na wewe huna habari. Katika utulivu wa namna hiyo, mwili uliozoea kushtuka unaweza kujifunza kutoshtuka. Alisema wazi pia kwamba haiondoi sukari, haimsaidii kila mtu, na dawa za daktari ziko pale pale.

Akaanza kuongea polepole. Pumua. Legeza mabega. Legeza taya. Mimi nilikuwa napigana na kila neno. Mara tukasikia mkoromo. Mlinzi wangu alikuwa amezama, mdomo wazi, na ile chupa imeviringika chini ya meza! Nilicheka mpaka nikatoa machozi, na kumbe kicheko hicho ndicho kilichonilegeza. Anti alipozinduka alisema, "Nilikuwa naomba nimefunga macho." Tangu hapo hajakosa kunisindikiza, na huwa anataka kujua mapema kama kile kiti cha kuegemea kitakuwa wazi.

Nilikwenda mara kadhaa. Mshauri alikuwa akiniambia nifunge macho, nijione nafika langoni. Kila nilipofika, Mama, wewe ulikuwa pembeni yangu na sweta yako. Mara ya kwanza tuligeuka. Siku nyingine tulifika kwenye benchi, tukaketi, tukaondoka. Halafu ikaja siku tuliyoingia mpaka ndani kwa muuguzi, wote wawili, na hakuna aliyekimbia. Nilifungua macho nikilia. Mshauri alinipa kitambaa, hakuniharakisha.

Sijawa shujaa. Mpaka jana jirani ndiye aliyekuwa akinidunga, nami nikitazama pembeni. Ila nina hasira kidogo, na siioni sababu ya kuificha. Ulishauriwa, ulifokewa, uliombewa, lakini sikumbuki mtu hata mmoja akikuuliza, "Unaogopa nini?" Walikuita mkaidi, kumbe ulikuwa umeogopa tu, na hofu nayo ina tiba yake.

Leo asubuhi nimejidunga mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni, nikapumua kama nilivyofundishwa, nikabana ngozi ya tumbo, nikasukuma. Kisha nikasubiri maumivu yaje.

Inauma kidogo tu, Mama. Kidogo sana. Nimekulilia upya, kwa sababu tulichokikimbia miaka yote kilikuwa hicho tu.

Pumzika. Nitakuwepo kwa ajili ya wajukuu wako.

Mimi, kitindamimba wako